Ungamo Kabla ya Ushahidi: Uchambuzi wa Kisa cha Watazamaji wa Pasua

Kisa kinachochambuliwa hapa kilitokea katika banda moja la video huko Pasua, Moshi, ambako watazamaji waliozoea mpira wa mwisho wa wiki walianza kuangalia, siku za katikati, mfululizo wa filamu za kumbukumbu kuhusu mauaji ya zamani. Sehemu moja ya mfululizo huo ilikatizwa na umeme ikiwa imefika nusu, na kwa siku kadhaa watu wakabaki na nusu ya hadithi. Kwa nusu hiyo walimtia hatiani Timothy Evans, kijana ambaye Uingereza ilimnyonga mwaka 1950 na kumpa msamaha wa kifalme mwaka 1966, baada ya kubainika kwamba shahidi mkuu dhidi yake alikuwa muuaji wa wanawake kadhaa. Nusu ya pili ilipooneshwa, hasira iliyozuka haikuelekezwa kwa polisi wa London wala kwa mahakama, bali kwa filamu yenyewe. Watu walisema wametapeliwa. Ninaona walikuwa na haki ya kulalamika, ila si kwa sababu waliyoitaja.

Banda lenyewe ni la mabati, lina mabenchi ya mbao na televisheni kubwa iliyofungwa juu ndani ya wavu wa nondo, na kiingilio ni shilingi 500 siku za filamu, zaidi kidogo siku za Simba na Yanga. Mwenye banda huitwa Mangi, kama wanavyoitwa wenye maduka wengi wa Kichaga, ingawa hana ukoo wowote na watawala wa kale wa Kichaga waliobeba jina hilo. Filamu anazoonesha huja kwenye flashi zikiwa zimekwisha kutafsiriwa: sauti ya Kiingereza imeshushwa, na juu yake inasikika sauti ya mtafsiri anayesimulia, anayetania, anayewaita wahusika kwa majina aliyowabatiza mwenyewe, na anayetoa hukumu pale anapoona panafaa. Asiyewahi kukaa kwenye banda hudhani kwamba mtafsiri huyo ni kama kipaza sauti tu. Sivyo. Mtafsiri ni mtazamaji wa kwanza, na maoni yake huwafikia watu kabla ya maoni ya mwingine yeyote. Katika sehemu hii alimwita Evans “muongo wetu” tangu dakika za mwanzo, na jirani yake, John Christie, akamwita “mzee wa watu”.

Nusu ya kwanza ilipangwa kwa namna ambayo ni lazima ielezwe kwa utaratibu, kwa kuwa mpangilio huo ndio kiini cha mgogoro wote. Filamu inafunguka tarehe 30 Novemba 1949, Evans akiwa na umri wa miaka 25, anaingia kituo cha polisi cha Merthyr Tydfil, mji wa kwao huko Wales, na kusema kwamba mke wake amefariki. Anaeleza kwamba Beryl alikuwa mjamzito na hakutaka kuzaa tena, kwamba yeye Evans alipewa chupa ya dawa na mtu waliyekutana mkahawani, na kwamba mke alipokufa aliutumbukiza mwili katika mtaro wa maji machafu mbele ya nyumba waliyopanga, namba 10 Rillington Place, London. Polisi wa London wanaenda kufungua mfuniko wa mtaro. Askari watatu wanaunyanyua kwa shida na ndani hakuna kitu. Evans anabadili maelezo, anasema Christie, mpangaji wa chini, ndiye aliyejitolea kuitoa mimba na Beryl akamfia mikononi. Tarehe 2 Desemba miili inapatikana katika chumba cha kufulia nyuma ya nyumba: Beryl, na binti yao Geraldine aliyekuwa na umri wa mwaka mmoja na mwezi mmoja hivi, wote wamenyongwa, mtoto akiwa na tai shingoni. Evans anarudishwa London, anaoneshwa nguo na tai ile katika kituo cha Notting Hill, na usiku huohuo, katika maelezo mawili, anakiri kuwaua wote wawili.

Baada ya ungamo hilo filamu inakwenda mbio. Januari 1950, mahakama ya Old Bailey, kesi ya siku tatu, Christie anapanda kizimbani kutoa ushahidi akiwa na miwani na sauti ndogo, mgonjwa kidogo, mpole, Evans anababaika. Juri, yaani raia walioteuliwa kuamua kama ana hatia, inatoka kwenda kujadili. Hapo umeme ukakatika.

Juri ya kweli ilitumia kama dakika 40. Pale Pasua hata tochi za simu hazijawashwa zote, hukumu ilikuwa imekwisha kutolewa, na kwa sauti moja. Nje ya banda, watu wakisubiri kuona kama umeme utarudi, kila mmoja alitaja sababu yake. Dereva mmoja wa bodaboda alisema mtu mkweli ana neno moja, na huyu ana manne. Alikuwa amehesabu vizuri, maelezo mawili Wales na mawili London. Mwingine alisema hakuna baba anayekiri kumnyonga mtoto wake kama hakumnyonga. Mama mmoja anayeuza ndizi choma pembeni ya barabara, ambaye huingia bure kwa sababu humkopesha Mangi mkaa, aliapa kwa dini yake kwamba alimwona Evans kwa macho yake akishuka ngazi usiku na mzigo uliofungwa shuka.

“Umemwona mwigizaji, mama,” alisema muuguzi mmoja aliyekuwa amesimama nyuma yetu akiwa bado na sare ya kazini. “Hakuna aliyempiga picha Evans akishuka ngazi. Wametengeneza.”

“Wametengeneza kutoka kwenye nini? Si kutoka kwenye kilichotokea?”

“Kutoka kwenye alichokisema polisi.”

Mama wa ndizi alinyamaza kidogo, halafu akajibu kwamba hata hivyo alichokisema polisi ndicho alichokifanya. Majibizano hayo mafupi yalinisaidia kuelewa jambo hili kuliko mengine yote yaliyosemwa usiku ule. Filamu ilikuwa na vitu vya aina mbili: picha za zamani na nyaraka za mahakama kwa upande mmoja, na maigizo ya leo yaliyopigwa katika mwanga wa kijani na giza kwa upande mwingine. Watengenezaji walidhani mtazamaji atatofautisha kwa kuangalia rangi. Katika benchi la Pasua, ambako sauti ya mtafsiri inafunika vyote viwili kwa usawa na picha ya zamani inaonekana sekunde nne tu, igizo ndilo lililobaki kichwani kama tukio, na nyaraka zikabaki kama pambo. Kila aliyetaja “ushahidi” usiku ule alitaja igizo: ngazi, shuka, macho ya mwigizaji aliyechaguliwa kwa kuwa na uso wa wasiwasi. Hakuna aliyetaja mfuniko wa mtaro uliohitaji askari watatu, ingawa huo ndio ulikuwa ushahidi halisi katika nusu yote ya kwanza, na ulionesha kwamba Evans angalau mara moja alikiri jambo ambalo peke yake hakuweza kulifanya.

Alikuwepo pia karani mstaafu wa mahakama, mzee ambaye vijana humwamkia na kumwachia nafasi ya mbele kwenye benchi. Yeye peke yake alikataa kutoa hukumu. Alisema upande wa utetezi haujasikika, na kwamba huku kwetu ungamo likikanwa mahakamani kunafanyika kwanza kesi ndani ya kesi, ili jaji ajue kama lilitolewa kwa hiari. Na hata likipokewa, haliachwi lisimame lenyewe kirahisi. Aliitaja hukumu ya Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ya mwaka 1967 katika shauri la Tuwamoi, ambayo mawakili wa Tanzania wanaitaja mpaka leo, inayomtaka jaji alitazame kwa tahadhari ungamo lililokanwa na kwa kawaida atafute ushahidi mwingine wa kuliunga mkono. Kijana mmoja akamuuliza: “Shikamoo babu, lakini wewe moyoni unaonaje?” Akajibu kwamba moyo haukuapishwa. Watu wakacheka, kisha wakaendelea kumhukumu Evans.

Kwa siku zilizofuata kesi hiyo ilizungumzwa kijiweni, saluni na kwenye foleni ya maji. Sitaieleza sana, kwa sababu hakuna kilichoongezeka isipokuwa uhakika. Watu ambao hawakuwa bandani walijiunga na kambi ya hatia kwa kusimuliwa tu.

Nusu ya pili ilipooneshwa, banda lilijaa kuliko mara ya kwanza. Filamu ilianza na hukumu, kisha Evans kunyongwa katika gereza la Pentonville tarehe 9 Machi 1950, na hapo baadhi walipiga makofi. Kisha ikaruka hadi Machi 1953. Christie amehama. Mpangaji wa ghorofa ya juu, aliyeruhusiwa kutumia jiko lake, anabandua karatasi ya ukutani ili apate mahali pa kutundika redio, anakuta mlango wa kabati uliozibwa, na nyuma yake mwili wa mwanamke. Polisi wanakuta miili mitatu katika uwazi ule, mke wa Christie, Ethel, chini ya mbao za sakafu, na mifupa ya wanawake wengine wawili bustanini, waliouawa mwaka 1943 na 1944. Mfupa mmoja wa paja ulikuwa umetumika kuegemeza uzio mdogo wa bustani, mahali ambapo askari walipita mwaka 1949 wakimtafuta Beryl. Christie anakamatwa, anakiri kuua watu kadhaa akiwemo Beryl, na ananyongwa Julai 1953 katika gereza lilelile la Pentonville.

Mtafsiri, ambaye kazi yake hurekodiwa kipande kwa kipande, alisema kwa furaha: “Niliwaambia mimi.” Hakuwa ametuambia. Sauti ya kuguna iliyopita bandani ilikuwa kubwa kuliko ya penalti iliyokoswa.

Baadaye yakaja maoni, na yaligawanyika. Kundi kubwa lilisema filamu ni ya kitapeli, kwa sababu ilijua ukweli tangu mwanzo ikauficha ili watu waonekane wajinga. Dereva wa bodaboda alidai nusu ya kiingilio chake, akiwa nusu anatania na nusu hatanii. Kundi dogo, hasa wanafunzi, lilisema hiyo ndiyo filamu bora kuliko zote walizowahi kuona pale, kupita hata ile ya daktari Crippen aliyekamatwa mwaka 1910 kwa simu ya upepo akiwa ndani ya meli Montrose, kwa kuwa hii iliwafanya waone jinsi watu wa kawaida wanavyomuua mtu kwa kusikiliza tu. Cha kuchekesha ni kwamba mmoja wa wanafunzi hao, kabla hatujafika barabara ya lami, alikuwa ametuthibitishia kwamba Ethel Christie alijua kila kitu na alikuwa mshirika wa mumewe. Nilipomuuliza amejuaje, alisema: “Aliishi naye nyumba moja, mwalimu.” Ethel aliuawa na mume huyohuyo Desemba 1952.

Sasa, je, filamu ilitapeli? Utetezi wake unatolewa na msimulizi mwenyewe dakika za mwisho: mtazamaji amepewa kile juri ilichopewa, ili ajionee jinsi kosa lilivyotendeka. Ni hoja nzuri, na kama ni ya kweli, lalamiko la kutapeliwa linaanguka, maana aliyewekwa kwenye kiti cha juri hawezi kulalamika kwamba kiti ni kigumu. Lakini si ya kweli. Katika kesi halisi Evans alipanda kizimbani na kumshutumu Christie waziwazi kwamba ndiye muuaji. Filamu ilituonesha akibabaika, bila kutusomea alichokuwa akikisema. Wakili wake, Malcolm Morris, alimbana Christie kuhusu makosa aliyowahi kufungwa, likiwemo la kumpiga mwanamke kwa gongo la kriketi mwaka 1929, na upande wa mashtaka ukajitetea kwamba mtu huyo alikuwa amebadilika na hata alitumikia kama askari wa akiba wakati wa vita. Yote hayo juri iliyasikia. Sisi hatukuyasikia mpaka nusu ya pili, yalipotolewa kama ugunduzi. Kwa maneno mengine, filamu ilituficha zaidi ya mahakama ilivyoificha juri yake, kisha ikatulaumu kwa kosa la juri.

Upande mwingine kulikuwa na mambo ambayo juri kweli haikuyapata, na haya filamu iliyapitia kwa sentensi moja. Mafundi ujenzi walikuwa wakifanya kazi katika nyumba ile siku zilezile, chumba cha kufulia kikiwa sehemu ya kazi yao, na kumbukumbu za saa zao za kazi hazikulingana vizuri na tarehe zilizomo katika ungamo la Evans. Mtazamaji akipewa kumbukumbu za mafundi mkononi, anaanza kuuliza maswali ya maana: nani alikuwa wapi Jumanne, nani angeweza kuficha miili katika chumba ambacho watu wanaingia na kutoka. Ungamo linapoteza uzito wake si kwa sababu Evans ana uso wa huruma, bali kwa sababu haliwezekani kwa kalenda. Hilo ndilo somo la kesi hii, na filamu ililiacha kwa kuwa mafundi na karatasi zao hawaigiziki kwa mvuto katika mwanga wa kijani.

Ndiyo maana nasema walalamikaji walikuwa na haki kwa sababu nyingine. Wao walikasirika kwamba filamu haikuwaambia mapema nani muuaji. Kosa la filamu lilikuwa kutowapa kitu chochote cha kupimia. Iliwapa ungamo kwanza, ikalivalisha igizo, ikalipigia muziki, na mtafsiri wetu akalitia muhuri. Kisha ikawageuzia kibao kwa ungamo la pili, la Christie, nalo likapokewa bandani bila swali hata moja, kama la kwanza lilivyopokewa. Usiku wa kwanza aliyekiri ndiye muuaji. Usiku wa pili aliyekiri baadaye ndiye muuaji zaidi. Namna ya kufikiri haikubadilika.

Karani mstaafu aliona hilo kabla yangu, na kwa kweli ndiye aliyesema jambo gumu zaidi kuhusu mwisho wa filamu. Kwa desturi yake alisubiri watu wapungue. Akasema: maandishi ya mwisho yanasema Evans alisamehewa mwaka 1966, na watu wameondoka wakiamini kwamba uchunguzi ulimsafisha. Haukumsafisha hivyo. Uchunguzi wa kwanza, uliofanywa na John Scott Henderson mwaka 1953 kwa haraka kabla Christie hajanyongwa, ulishikilia kwamba Evans aliua wote wawili. Wa pili, wa Jaji Brabin, uliotoa taarifa mwaka 1966, ulifikia hitimisho la ajabu: kwamba yaelekea zaidi Evans alimuua mkewe lakini hakumuua mtoto. Na kwa kuwa alikuwa amehukumiwa kwa kosa la kumuua mtoto peke yake, waziri Roy Jenkins alipendekeza msamaha, nao ukatolewa. Ilichukua hadi mwaka 2004 kwa Mahakama Kuu ya London kusema wazi kwamba hakuhusika na kifo chochote kati ya hivyo viwili, na hata hapo haikukubali kuirudisha kesi ili hukumu ifutwe rasmi.

Mimi nilimjibu kwamba filamu ya saa moja haiwezi kubeba yote hayo. Akasema kama ina nafasi ya kumwonesha mwigizaji akishuka ngazi mara tano, ina nafasi ya Brabin. Sikuwa na jibu, na bado sina. Mtazamaji anayeambiwa kwamba kosa lilirekebishwa kwa tarehe moja hujifunza kwamba serikali hukosea, huomba radhi, na mambo huisha; aliyeelezwa miaka ile 54 kutoka kitanzini hadi tamko la 2004 angejifunza jambo zito zaidi kuhusu ugumu wa taasisi kumeza neno lake. Na hilo si suala la Uingereza pekee, ambayo ilisimamisha adhabu ya kunyonga kwa kosa la mauaji mwaka 1965 na kuiondoa moja kwa moja mwaka 1969. Kwetu adhabu ya kifo bado imo katika Kanuni ya Adhabu kwa mauaji ya kukusudia, na jaji akishamtia mtu hatiani hana adhabu nyingine ya kuchagua, ingawa tangu miaka ya 1990 hakuna aliyepelekwa kunyongwa.

Lalamiko la muuguzi lilikuwa tofauti na la wengine wote, na lilianza kabla ya sehemu hii. Tulipoangalia ile ya London ya mwaka 1888 aliuliza bandani nani anaweza kutaja jina hata moja la mwanamke aliyeuawa, na hakuna aliyeweza, wakati jina la utani la muuaji, Jack the Ripper, kila mtoto alikuwa analo mdomoni. Kwa hiyo nayaandika hapa: Mary Ann Nichols, Annie Chapman, Elizabeth Stride, Catherine Eddowes na Mary Jane Kelly, wote kati ya tarehe 31 Agosti na 9 Novemba.

Kuhusu Rillington Place alisema kwamba sisi sote, wa hatia na wa msamaha, tulikuwa tumegombana wiki nzima juu ya wanaume wawili. Beryl alionekana akiwa hai kwa muda usiotosha kunywa soda. Filamu ilisema hakutaka mimba ya pili ikapita, kana kwamba hilo lilikuwa tabia yake tu. Haikusema kwamba mwaka 1949 kutoa mimba kulikuwa kosa la jinai Uingereza, kwamba sheria ya kuruhusu kwa masharti ilikuja mwaka 1967, na kwamba mwanamke wa kipato kile, mwenye mtoto mchanga na deni, alibaki na watu wa namna ya Christie, wanaojidai kuwa na ujuzi wa tiba. “Ninyi mnauliza nani alimuua,” alisema. “Mimi nauliza kwa nini alimfungulia mlango. Wodini kwetu wanaletwa waliofungua mlango kama huo.” Wanaume kadhaa waliona anatoka nje ya mada. Kwa maoni yangu yeye pekee ndiye aliyekuwa ndani ya mada, kwa sababu swali lake linaeleza jinsi mauaji yalivyowezekana, na bila jibu lake hata uongo wa kwanza wa Evans hauelezeki: ile hadithi ya chupa ya dawa na mtaro ilikuwa, kwa vyovyote, ya mtu aliyejua kwamba kilichopangwa juu ya mke wake ni kosa la jinai, na ambaye, akiwa kijana asiyejua kusoma vizuri, hakuwa na namna bora ya kulizunguka. Maneno manne ya Evans yanaanza kueleweka ukimtazama Beryl kwanza.

Mjadala ungeishia hapo kama asingekuwepo mzee mmoja wa Marangu, aliyekuja kumsalimia mwanawe Pasua na kukaribishwa bandani. Alisikiliza, kisha akauliza kwa nini mfululizo wenye mauaji ya zamani ya kila mahali hauna la Kilimanjaro. Vijana wakadhani anamsema Mangi Meli, aliyenyongwa na Wajerumani Old Moshi tarehe 2 Machi 1900. Akasema hapana, Meli anakumbukwa, na jamaa zake wameidai serikali ya Ujerumani fuvu lake kwa miaka. Alikuwa anawasema Mabruk na Jagodja.

Hakuna aliyewajua, nami niliwajua kwa kuwa nafundisha historia. Carl Peters, aliyewekwa mwaka 1891 kuwa kamishna wa Kijerumani wa eneo la Kilimanjaro, alimnyonga mtumishi wake Mabruk mwishoni mwa mwaka huo kwa tuhuma za wizi, na mwanzoni mwa 1892 akamnyonga Jagodja, msichana aliyekuwa amemweka nyumbani kwake. Ilisemwa wazi kwamba kosa lao halisi lilikuwa kulala pamoja. Machi 1896 mbunge August Bebel aliliibua jambo hilo katika bunge la Berlin, akitegemea kwa sehemu barua ambayo Peters alidaiwa kumwandikia Askofu Tucker, mmisionari Mwingereza. Barua hiyo haikuthibitika kuwapo. Lakini Peters mwenyewe hakukana kwamba aliwanyonga. Alibishia sababu tu. Mwaka 1897 baraza la nidhamu lilimfukuza kazi. Hakuna mahakama ya jinai iliyomhukumu kwa mauaji, na mwaka 1941, chini ya serikali ya Wanazi, ilitengenezwa filamu ya kumtukuza Peters.

Karani alisisimka kuliko nilivyowahi kumwona. Hapa, alisema, kuna kesi iliyopinduliwa juu chini: kwa Evans ungamo lilikuwepo na tendo halikuwepo, kwa Peters hati ya ushahidi ilikuwa na mashaka na tendo lilikuwepo. Mtazamaji akiziona hizo mbili kwa kufuatana, atalazimika kuuliza kila kitu kimejulikanaje. Muuguzi hakukubali haraka. Alisema ikitengenezwa na watu walewale, Peters atapewa saa nzima, na Jagodja atapewa mwigizaji anayelia. Yeye angetaka ianze kwa msichana huyo, alitoka ukoo gani, aliletwaje pale kituoni. Mzee wa Marangu akamuunga mkono, akisema, “Ndivyo, binti yangu, maana Peters ana vitabu.”

Dereva wa bodaboda akauliza kama filamu hiyo itakuwa na sehemu ya kushtukiza. Mangi, aliyekuwa anakunja waya za spika, akasema angeionesha hata hivyo, lakini kiingilio kingebidi kishuke hadi mia tatu, kwa sababu muuaji anajulikana tangu mwanzo.